Shajara ya tanki la mvua: perege, kalsiamu na homoni zao (Mingoyo, Lindi)

Naandika hii kwa yeyote anayefuga perege kwa maji ya mvua huku kwetu kusini, au anayewaza kuanza. Ntaongeza kila hatua ikiisha. Sehemu zilizoenda vizuri nazipita haraka, zilizoniumiza mfukoni ndo ntakaa nazo.

26 Novemba 2023

Hali ilivyo. Nna matanki mawili ya zege, kila moja lita 3,000, naita A na B, na simtanki moja bovu nililolikata juu, linabaki kama lita 1,000, hilo ni C. Miaka miwili yote nimefugia maji ya kisima cha uani. Maji yenyewe yana chumvichumvi, ukifulia sabuni haitoi povu hata ukilia, ila perege wanayapenda na hawajawahi kunisumbua. Shida ni kwamba kila ikifika Oktoba Novemba kisima kinaenda kwenye tope, tunapata ndoo nne tano kwa siku na hizo ni za nyumba tatu, huwezi kumwambia jirani asioge kisa samaki.

Agosti niliezeka upya mabati, nikaona basi nifunge gata nivune mvua. Gata na mabomba 96,000, fundi 40,000. Tanki B lilikuwa linavuja kwahiyo nimelitandika turubai ndani, 70,000. Chini yake nimeweka lita 400 za kisima nilizookoteza wiki nzima, na vifaranga 400. Tunasubiri mvua.

9 Desemba 2023

Mvua ya kwanza ya maana ilipiga tarehe 5 usiku. Asubuhi tanki B limejaa mpaka linamwagika, nikafurahi nikapiga na picha. Saa nne vifaranga wako juu wanahema, wengine wanatikisika kama wamepigwa shoti, wanajizungusha halafu wanazama. Mpaka tarehe 7 jioni nimeokota 61.

Nilichofanya: nilidhani ni hewa, nikakaa na beseni nateka maji na kuyamwaga kutoka juu mpaka mkono ukafa ganzi. Haikusaidia. Halafu nikahamishia lawama kwa jirani mwenye mikorosho, nikasema ni salfa yake imekaa juu ya bati langu ikashuka na mvua. Nilimwambia kwa maneno makali kidogo. Akanijibu taratibu, "Mjomba, mi salfa nimemaliza kupuliza hilo bati lako halijafika hata dukani." Na kweli. Nimemuomba radhi, nikampelekea na samaki wawili (wakubwa, wa tanki A).

17 Desemba 2023

Vifo vya ghafla vimeisha ila waliobaki hawana raha. Wanakula kidogo, hawakui, na kama watano hivi mgongo umeanza kupinda. Nikajiaminisha ni chakula. Mifupa laini si kalsiamu? Nikanunua dagaa wakavu wa chini chini, nikasaga na mifupa yote, nikachanganya na pumba na mashudu ya ufuta. Jumla 18,000. Wiki nzima nimewalisha mifupa na kilichobadilika ni maji tu, yamekuwa mazito na yananuka.

Kuna kitu sikukijua hapa na ndo kiini cha mambo yote yanayofuata, naeleza chini.

28 Desemba 2023

Shemeji yangu anafundisha baiolojia sekondari, shule zimefungwa akaja kutusalimia. Kamuona samaki anavyotikisika akauliza swali moja tu, "Haya maji umeyapima ugumu?" Yani kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka humo. Sijawahi. Tukaagiza Dar matone ya kupimia, yamekuja na basi, 42,000 pamoja na kuyasafirisha. Unahesabu matone mpaka maji yanabadilika rangi, tone moja ni kama miligramu 18 za ugumu kwa lita (ugumu unahesabiwa kama kalsiamu kaboneti, kalsiamu yenyewe humo ni kama miligramu 7). Kisima: matone 17. Tanki B: 2. Simtanki C ambalo ni mvua tupu: tone la kwanza tu rangi imegeuka, yani hakuna kitu mle.

Sasa alivyonieleza, kwa maneno yangu. Mimi nilikuwa najua samaki anapata kalsiamu kama sisi, kwa kula. Sivyo. Perege kalsiamu yake kubwa anaivuta kwenye maji kwa kupitia mashavu, yale mekundu anayopumulia. Chakula kinachangia, hasa maji yakiwa hayana kitu, ila mlango mkubwa ni mashavu. Fosforasi ndo lazima itoke kwenye chakula kwa sababu majini ni haba sana, kwahiyo dagaa wangu hawakwenda bure kabisa ila nilikuwa najaza ndoo kwa kijiko huku bomba limefungwa.

Damu ya samaki ina kalsiamu kama miligramu 100 kwa kila lita. Bahari hapo Lindi ina kama 400, kwahiyo samaki wa baharini kazi yake ni kuizuia isimzidie. Maji ya mvua yana karibu na sifuri, kwahiyo samaki wangu anavuta mzigo kupanda mlima usiku na mchana, na hapo hapo mwingine unamvujia. Anayesimamia mlima huo ni homoni.

Mimi nimeielewa kwa ghala la korosho. Shavu ni mlango wa ghala, kalsiamu ni magunia. Kuna homoni inaitwa prolaktini, inatoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo (ndiyo hiyo hiyo inayohusika na maziwa kwa mama anayenyonyesha, kwa samaki imepewa kazi nyingine). Maji yakiwa hayana kalsiamu prolaktini inapanda, inaziba mianya ili isivuje, na inasaidia mwili uongeze makuli mlangoni, yani zile seli za kwenye shavu zinazobeba kalsiamu kuingiza ndani. Homoni nyingine, kotisoli, nayo inasaidia upande huo. Halafu kuna karani wa ghala, homoni inayoitwa staniokalsini. Huyu akiona kalsiamu ya damu imezidi anapiga kelele "funga!" na mlango wa shavu unabanwa. Sisi binadamu tumewekewa tezi nne ndogo shingoni za kupandisha kalsiamu ikishuka, samaki hizo tezi hana. Mwaka 2004 watafiti wa London walionyesha kwamba jeni inayojenga tezi hizo kwa kuku, kwa samaki inafanya kazi kwenye mashavu. Hii ilinishika nikakaa kimya kidogo, yani kile tunachokibeba shingoni na shavu la samaki ni ndugu.

Kuhusu wale 61. Shemeji aliangalia juu akauliza, bati ni jipya? Mabati yamepakwa zinki. Mvua ya kwanza inasuuza bati, na zinki inaingia kwenye shavu la samaki kwa mlango ule ule wa kalsiamu, inasukumana nayo. Kwenye maji magumu kalsiamu ni nyingi inashinda. Kwenye maji laini zinki inapita, kalsiamu inakosa nafasi, damu inaishiwa, samaki anatikisika. Na mimi niliwaletea zinki na maji laini usiku mmoja.

Marekebisho: bomba la nchi 4 lililosimama kando ya gata, chini lina kizibo. Mvua ikianza linajaa hilo kwanza, likishajaa ndo maji yanaenda tankini. Mvua ikiisha unafungua kizibo unamwaga. 14,500. Mvua mbili za kwanza za msimu siku hizi simwagii samaki kabisa, zinaenda kwenye migomba.

3 Januari 2024

Siku mbaya. Shemeji ameondoka, mimi nikajifanya nimeelewa. Kalsiamu si chokaa? Stoo kuna mfuko wa chokaa ya kupaka ukuta. Nikachukua kikombe, kama gramu 200, nikakoroga kwenye ndoo nikamwaga kwenye simtanki C lenye vifaranga 120.

Hawakufika saa nzima. Wote. Utando wa mashavu umekuwa mweupe kama wamechemshwa.

Nilimpigia simu akakaa kimya muda, halafu akasema, "Shemeji, umewaogesha magadi." Chokaa ya kupaka imechomwa na kuzimuliwa, ikiingia kwenye maji inapandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) vibaya sana, na maji ya mvua hayana chochote cha kuizuia, kikombe kile kinatosha kuipeleka juu ya 11. Mabwawa ya udongo watu wanamwaga chokaa, ndiyo, ila wanamwaga bwawa likiwa kavu, kabla ya samaki. Vifaranga 120 kwa 200 ni 24,000 imeenda na maji. Mfuko uliobaki nimeugawa.

21 Januari 2024

Magamba ya chaza. Akinamama wanaokota chaza maji yakipwa, magamba wanatupa, kwahiyo bei ni kubeba tu. Gunia zima nimeponda na nyundo, nikayaweka kwenye mfuko wa wavu chini ya bomba la pampu tanki B.

Kosa dogo: mara ya kwanza sikuyaosha vizuri, yalikuwa na nyama nyama ndani, siku ya tatu maji yananuka na nimepoteza 9. Yaosheni, yaanikeni juani wiki, ndo muweke.

Baada ya siku 16 ugumu umetoka matone 2 mpaka 3. Basi. Gamba la chaza ni kalsiamu kweli, ila kwenye maji yasiyo na asidi linayeyuka kwa kusuasua kama mtu anayedaiwa. Faida yake ni pH, imetulia, haichezi asubuhi na jioni. Nimeyaacha humo humo. Ila kama una samaki wanapinda leo, chaza hatokuwahi.

4 Februari 2024

Shemeji akatuma meseji: tafuta jasi. Jasi ni kalsiamu na salfeti, inayeyuka vizuri kuliko gamba na haigusi pH. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, wakanipa jipsamu ya dari, kilo 5. Nikamimina kilo moja kwenye ndoo, maji kidogo, nikakoroga ili iwe uji niumwage taratibu. Simu ikaita, nikaongea kama dakika ishirini, kurudi ndoo imekuwa jiwe. Mwiko umesimama katikati kama umejengewa. Sasa ndo najua: jipsamu ya dari imechomwa ikatolewa maji yake, ukiirudishia maji inaganda, ndiyo kazi yake hiyo. Na sijui wamechanganya nini kingine humo ili ikae kwenye dari, kwahiyo hata unga wake mkavu sikuutia kwa samaki. Ndoo ipo mpaka leo, mke wangu anawekea mlango usipigwe na upepo.

Jasi yenyewe mbichi kumbe inapita mbele ya nyumba kila siku. Machimbo yako Kilwa, Makangaga na huko, na malori yanaishusha kwenda Mtwara kwa ajili ya saruji, yote lazima yapite hapa Mnazi Mmoja. Nikaongea na dereva mmoja anayekulaga samaki hapa njia panda, kanishushia mawe kama kilo 30 kwa 10,000 na sahani ya samaki. Mawe meupe ya kijivu, unayakwaruza na kucha yanatoka unga, hivo ndo unajua.

Hesabu, na hii muinakili. Jasi safi robo kasoro yake ni kalsiamu, asilimia 23. Nikitaka kuongeza miligramu 20 za kalsiamu kwa lita kwenye lita 3,000, nahitaji gramu 60 za kalsiamu, hiyo ni jasi kama gramu 258. Mawe yangu yana udongo kwahiyo napima 300. Nasaga kwenye kinu (kinu cha zamani, sio cha jikoni, usitafute ugomvi), natia kwenye soksi, naining'iniza kwenye maji ya pampu. Nusu dozi leo, nusu kesho kutwa. Napima. Ikiwa bado, raundi ya pili. Lengo langu ni matone 6, karibu miligramu 40 za kalsiamu kwa lita.

18 Februari 2024

Tanki B liko matone 6 tangu tarehe 11. Wanakula. Kutikisika kumeisha kabisa. Waliopinda hawajanyooka na hawatanyooka, hao nimewatenga wa kula nyumbani. Shemeji ananionya nisiseme kila mgongo uliopinda ni kalsiamu, vitamini C ikikosekana kwenye chakula nayo inapinda samaki hivo hivo, na chakula changu kilikuwa pumba tupu kwa muda mrefu. Nimeongeza majani ya mchicha yaliyosagwa. Kwahiyo nimebadilisha vitu viwili kwa mpigo, siwezi kugawa sifa sawasawa.

2 Machi 2024

Hii imenigharimu jina. Mteja wa Rutamba alinunua vifaranga 150 kutoka tanki A, maji ya kisima, matone 17, samaki wana afya unaona hata kwa rangi. Akawaweka kwenye simtanki lake la mvua lililotulia, maji safi, hakuna bati jipya, hakuna chokaa, hakuna chochote. Siku ya tatu ananipigia, wamekufa 83. "Kaka umeniuzia wagonjwa." Nimemrudishia 20,000 kati ya 30,000.

Nilikaa na hili siku mbili nikiwa nimekasirika maana samaki walikuwa wazima. Jibu lilikuwa kwenye ghala la korosho. Samaki aliyekaa kwenye matone 17 maisha yake yote, karani ndo ana kazi, staniokalsini iko juu, mlango umebanwa, makuli wachache kwa sababu magunia yanajileta yenyewe. Ukimtupa ghafla kwenye maji matupu, prolaktini inaanza kupanda mapema, ndani ya masaa, ila kujenga seli mpya za shavu na kupunguza uvujaji ni kazi ya siku kadhaa. Makuli hawaajiriwi usiku mmoja. Katikati ya hapo anaishi kwa akiba, magamba na mifupa, na kifaranga wa gramu mbili akiba yake ni ndogo. Perege hawajashindwa na maji laini, mtu akiwapa muda wanayamudu, wameshafanyiwa majaribio mengi na wazungu huko Uholanzi kwenye maji yenye kalsiamu kidogo sana wakaishi. Mimi sikuwapa muda. Na nikifikiria vizuri, tarehe 5 Desemba pia sikuwapa muda, ilikuwa 17 kwenda 2 kati ya jioni na alfajiri.

Utaratibu mpya kabla ya kuuza: nauliza mteja anatumia maji gani. Kama ni mvua, nawatenga kwenye C, natoa theluthi ya maji naweka ya mvua, kila baada ya siku mbili, mara nne. Inashuka 17, 11, 8, 5, 3. Siku ya kila badiliko nawalisha nusu.

10 Machi 2024

Shemeji kaja na wembe, kioo cha kukuzia na wanafunzi watatu. Alitaka waone kwa macho yao karani anakokaa. Tukatoa perege watano wakubwa wa tanki A (walikuwa wa mboga hata hivyo).

Staniokalsini inatoka kwenye vijitezi vilivyo kwenye figo, vinaitwa vijitezi vya Stannius, kwa jina la Mjerumani Hermann Stannius aliyevieleza mwaka 1839. Zaidi ya miaka mia watu walidhani ni jamaa wa tezi za adrenali. Mwaka 1964 Mfaransa Fontaine aliwatoa samaki aina ya mikunga vijitezi hivyo, kalsiamu ya damu ikapanda, ndo ikajulikana kazi yake ni kushusha. Na mwaka 1995 ikagundulika hata binadamu tuna homoni ya jamii hiyo, wakati tezi yenyewe hatuna.

Kutafuta sasa. Figo ya samaki ni ule mstari mwekundu mweusi uliogandamana na uti wa mgongo juu ya kibofu cha hewa, ule ambao mama akisafisha samaki anaukwangua kwa kucha. Samaki wa kwanza tulipata punje nyeupe nyingi, wanafunzi wakashangilia, shemeji akazibonyeza kwenye karatasi zikaacha doa la mafuta. Mafuta tu. Samaki wa pili niliharibu mimi, nilikwangua kwa mazoea ya jikoni nikatoa figo yote vipande. Wa tatu tukaanza nyuma, mwisho kabisa wa figo upande wa mkia, tukamwagia maji badala ya kugusa, tukaona mbili, nyeupe za pinki, mviringo, ndogo kuliko ulezi. Karatasi haikupata doa. Wa nne tukapata moja, wa tano mbili. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa hiyo hivi vinatupwa kila siku pale sokoni na utumbo, na jibu ni ndiyo.

Homoni yenyewe sijaipima, vipimo hivyo haviko huku na bei yake ni ya matanki yangu yote. Ninachopima ni maji na samaki wangapi wamebaki.

24 Machi 2024

Hapa nijicheke kidogo. Bibi wa nyumba ya pili alikuja kuteka maji (kisima kimejaa tangu Februari, mvua zimekuwa nyingi mno mwaka huu), akanikuta natwanga mawe. Akauliza natwangia nini. Nikamueleza habari yote, kalsiamu, mashavu, mpaka Kilwa. Akasema, "Mwanangu, hayo ya kisima magumu, hayo ya mvua laini, si uchanganye."

17 gawanya kwa 3. Ndoo moja ya kisima, mbili za mvua, matone 6 kasoro kidogo. Bure. Wiki saba nimetwanga mawe na kisima kilikuwa kimejaa kuanzia wiki ya pili. Desemba haikuwezekana, maji hayakuwepo, ila kuanzia Februari ilikuwa uvivu wa kufikiri. Sasa nachanganya, jasi inabaki ya dharura, na kwa wenzangu wasio na kisima.

14 Aprili 2024

Majike. Niliweka wazazi kumi kwenye B na kumi kwenye A. Jike akianza kutengeneza mayai homoni ya estrojeni inaliamrisha ini kutengeneza protini ya kiini cha yai, vitelojenini, na protini hiyo inabeba kalsiamu nyingi, kwahiyo damu ya jike mwenye mayai ina kalsiamu kuliko ya dume. Ikipungua inakopwa hata kwenye magamba. Halafu perege anaatamia mdomoni wiki moja mpaka mbili na siku hizo hali. Kwahiyo jike anatoa na haingizi kwa chakula, kinachobaki ni shavu. Majike wa A wamerudia kutaga mapema kuliko wa B. Ni kumi kumi tu, sipigi ngoma, ila wazazi wote nimewarudisha A.

7 Mei 2024

Kimbunga Hidaya. Tarehe 4 na usiku wake mvua imeshuka kama imeelekezwa kwenye gata langu. Lile bomba la maji ya kwanza likang'oka. Simtanki C lilifurika, vifaranga kama 40 wakatoka na maji uani, watoto wakaokota kwa sufuria wakadhani ni neema. Kisima kimeingiwa na maji ya tope kutoka barabarani kwahiyo kuchanganya hakuna. Na matone ya kupimia yamebaki mawili kwenye chupa, barabara ya Dar imekatika Somanga, hakuna basi.

Nikarudi kwenye sabuni. Ugumu wa maji ndo unazuia povu, basi povu linaweza kuhesabu. Nilikwangua sabuni ya mche, nikaiyeyusha kwenye maji ya mvua, nikachukua chupa ya nusu lita yenye maji ya kupima robo yake, naweka kijiko kimoja cha chai cha maji ya sabuni natikisa, kijiko natikisa, mpaka povu likae dakika nzima bila kuzama. Kupata kipimo nilitumia maji ya kisima niliyokuwa nimeyahifadhi kwenye dumu kabla ya mvua, ambayo najua ni 17: vijiko 12. Maji ya mvua: kijiko 1 kinatosha. Mchanganyiko wa moja kwa mbili: 5, mara nyingine 4. Tanki B baada ya kimbunga: 2. Yani limeshuka kutoka matone 6 mpaka kama moja na nusu, ndani ya usiku mmoja, Desemba imerudi.

Tofauti ni kwamba safari hii bati limeshasuuzwa miezi mitano, walikuwa wanaishi kwenye 6 sio 17, na mawe yapo. Nilisaga gramu 300 usiku ule ule kwa tochi, nusu dozi asubuhi, nusu kesho yake jioni. Sikuwapa chakula siku mbili. Wamekufa 11 kati ya 310.

19 Mei 2024

Barabara imefunguka, matone mapya yamefika, 45,000 safari hii. Nikalinganisha na sabuni, B ilikuwa 4 kwa matone na nilikuwa nimeandika "4 au 5" kwa sabuni. Inatosha kwa kazi.

Hesabu mpaka leo, bila gata na turubai: matone mara mbili 87,000, bomba la maji ya kwanza 14,500 na kulirudishia baada ya kimbunga 6,000, dagaa 18,000, jipsamu iliyokuwa jiwe 9,000, jasi 10,000 na sahani ya samaki, kumrudishia mteja 20,000, vifaranga wa chokaa 24,000. Ukitoa makosa yangu inabaki zaidi ya nusu.

Yule mteja wa Rutamba kanipigia tena, anataka 100, kasema kabisa "wale waliozoeshwa". Wako C, siku ya sita, kipimo cha leo asubuhi matone 5. Jumanne badiliko la mwisho, Alhamisi wanapanda gari.